Kofia ya Kipa

Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka mchana kweupe, na kwa aliyeijua nyumba ile, hilo peke yake lilitosha kumwambia kwamba mambo hayakuwa sawa. Mwenye cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa amekaa kizingitini akipinda sketi ya shule kwa mkono. Sindano iliingia, ikatoka, ikaingia. Kazi ambayo mashine ingeimaliza kabla chai haijapoa ilikuwa inamla asubuhi nzima, na vidole vilishaanza kumuuma.

Ndani, nyuma ya pazia alilolikunja mara mbili ili mwanga usipenye, alikuwa amelala binti yake. Shuleni walimwita Komeo, kwa kuwa akisimama golini hapiti mtu, na jina likamfuata hadi nyumbani. Tangu mechi ile Komeo hakuweza kuvumilia mwanga wala kelele, na kelele iliyomtesa kuliko zote ilikuwa ya cherehani. Mlio uliombembeleza tangu akiwa mchanga, uliomvisha na kumlipia ada, sasa ulimfanya ashike kichwa kwa mikono miwili na kulia.

"Mama," sauti ikatoka ndani. "Mechi iliishaje?"

"Mlitoka sare, mwanangu."

"Nilifungwa?"

"Hukufungwa."

"Ahaa."

Swali hilo alishaliuliza asubuhi wakati anakunywa uji, na jana yake pia. Siku nyingine alikuwa mzima wa kumbukumbu, akikumbuka hata rangi ya soksi za wapinzani. Siku nyingine ilikuwa hivi. Fundi alijifunza kujibu kwa sauti ileile, asije mtoto akashtuka kwamba ameshajibiwa.

Mama wa genge, aliyeuza nyanya pale kona, alitokea akiwa amebeba tabasamu la mtu mwenye jambo. Alimpa pole Fundi, akamuulizia mgonjwa, akasifu pazia, kisha akasema alikuja kuchukua kitambaa chake.

"Si kwamba sikuamini, dada. Ila sherehe imekaribia, na wewe mashine yako imelala. Nitampelekea Fundi Suruali pale njia panda. Ukirudi kazini, na mimi narudi."

"Hamna neno."

"Na kile kianzio nilichokupa..."

Kianzio kilishageuka dawa. Fundi alisema atamletea. Mama wa genge akajibu kwamba hakuna haraka, halafu akabaki amesimama palepale kama mwenye haraka. Mwishowe Fundi aliingia ndani, akatoa alichokuwa amekiweka kwa ajili ya mafuta ya taa, akampa. Kitambaa alikikunja vizuri, akamwekea na uzi wa rangi yake juu, kwa sababu uzi ule ulinunuliwa kwa ajili ya gauni lile na yeye hakuwa mtu wa kubakiza cha mtu. Aliona aibu, na aliona hasira kwa kuona aibu.

Fundi Suruali hakuwa na kosa. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mgane, mtu wa maneno machache. Aliposikia hali ya mtoto, bila kuombwa alibeba cherehani yake mgongoni akaihamishia kwenye baraza la duka la njia panda. Wateja wa Fundi walikuwa wakimfuata huko mmoja mmoja, na kila alipopata mpya alikuja kumwambia Fundi, ameinamisha macho.

*

Watu wakishaumia, husemwa kwamba hakuna aliyejua. Hapa si kweli. Nesi alijua, na alisema.

Nesi alikuwa na binti katika timu hiyohiyo. Kwenye kikao cha wazazi cha muhula uliopita alisimama na kanuni yake fupi: mtoto akigongwa kichwa, anatoka uwanjani, na harudi siku hiyo hata akisema amepona, mpaka daktari amtazame.

Kochi, ambaye ndiye mwalimu wa michezo, alikuna kidevu. "Nesi, kwa kanuni hiyo nitafika kipindi cha pili nina wachezaji wanne na refa."

Watu wakacheka. Hapo ndipo Fundi aliponyanyuka na mfuko wake. Alitoa kofia: kitambaa kigumu cha jinzi, ndani tabaka za sponji ya godoro zilizoshonwa kwa mistari, kamba mbili za kufungia kidevuni. Alikuwa ameishona kwa siku kadhaa, akiifumua na kuirudia mpaka ikamkaa Komeo sawasawa, na alijivunia kila mshono.

"Badala ya kuwatoa watoto, tuwavishe," alisema. "Mimi wangu nimeshamvisha."

Kofia ikapitishwa mkono kwa mkono. Mwenye duka la mbao, mwanamume mnene aliyepaza sauti hata akisalimia, aliivaa mwenyewe akajigonga ngumi, na ukumbi ukapiga makofi. Nesi alingoja kelele ziishe.

"Mama Komeo, kofia ni nzuri," alisema. "Lakini inalinda ngozi. Ubongo unatikisika ndani, na ndani sponji haifiki."

"Basi tuwafunge watoto kwenye godoro zima," akasema mwenye mbao, na kanuni ikafa kwa kicheko. Fundi naye alicheka. Hilo alilikumbuka sana baadaye, kwamba alicheka.

Siku ya mechi alikuwa ukingoni mwa uwanja, koo limemkauka kwa kushangilia. Ilipigwa kona, Komeo akaruka, na goti la mshambuliaji likamkuta kichwani. Alianguka kifudifudi akabaki hivyo kitambo. Fundi alifika pamoja na Kochi. Walimfungua kofia. Hakukuwa na damu, hakukuwa na nundu, na kofia haikufumuka hata uzi. Komeo alikaa, akatazama uwanja kana kwamba ameingia nyumba ya watu, akasema yuko sawa.

Kochi alimgeukia Fundi. Zilibaki dakika chache na walikuwa hawajafungwa. "Mama, unaonaje?"

Fundi alimpapasa mwanawe kichwa chote. Timu pinzani ilikuwa inangoja, wazazi walikuwa wanapiga kelele jina la Komeo, na pembeni walikaa wageni wawili ambao ilisemekana wanatafuta vipaji vya kusomeshwa bure. Akamvika kofia tena. Akamfunga kamba kidevuni mwenyewe, fundo na nusu fundo.

"Nenda," alisema.

Pigo la pili halikuwa kubwa. Mpira tu, ulimgonga upande, wala watu hawakulishangaa. Lakini jioni Komeo alitapika chakula chote, akaanza kuiulizia mechi.

*

Mwalimu Mkuu aliwatembelea katikati ya wiki, na aliyemfungulia mlango alikuwa Baba Komeo. Jambo hilo lingekuwa la kawaida, mwenye nyumba kumfungulia mgeni, ila Baba Komeo alikuwa mlinzi wa geti la shule, na ndiye aliyemleta. Alikuwa bado amevaa sare. Aliufungua mlango wa nyumba yake kama anavyofungua geti, akasimama pembeni, mikono nyuma, mpaka Mwalimu Mkuu akapita. Kisha akabaki amesimama hivyohivyo, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja.

"Pole na mgonjwa, Mama."

"Tumeshapoa, Mwalimu. Tuzungumze chini kidogo, amelala."

Mwalimu Mkuu akashusha sauti. Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisema shule nzima inamwombea Komeo. Alisema wazazi wengi wamemwambia kwamba bila ile kofia, leo wangekuwa wanazungumza mengine kabisa.

"Kofia yako ndiyo iliyomwokoa, Mama. Na sisi tumeona tusiwe wachoyo. Tunataka uzishone kwa timu zote. Wasichana, wavulana, hata netiboli."

"Netiboli nao?"

"Kila mwenye kichwa." Akatabasamu, akatoa bahasha nene, akaiweka juu ya cherehani iliyofunikwa. "Hiki ni kianzio. Jumamosi tuna kikao. Nakuomba usimame useme maneno mawili matatu, wewe kama mzazi uliyefikwa. Maana Nesi amerudi tena na ile kanuni yake, na safari hii ana watu. Tukiwa na kofia, kanuni ya nini?"

Fundi aliitazama bahasha. Daktari alikuwa amewaambia kwamba mtoto apigwe picha ya kichwa, na isicheleweshwe, na alipotaja gharama Baba Komeo aliomba airudie. Hakuna aliyehitaji kumweleza Fundi kilichokuwa ndani ya bahasha ile. Ilikuwa picha ya kichwa cha mwanawe.

"Nitafikiri, Mwalimu."

"Fikiri, Mama. Ila usifikiri sana." Alisimama, akamgusa mlinzi wake bega. "Huyu bwana tunamtegemea pale getini."

Akaondoka. Baba Komeo alikaa kwenye kile kiti, kisha akanyanyuka, maana kilikuwa bado kina joto la mkubwa wake.

"Chukua," alisema.

"Kofia haifanyi kitu, Baba Komeo."

"Najua. Niliiona ikitolewa nzima, hata uzi haukufumuka. Aliyefumuka ni mtoto." Alifuta uso kwa kofia yake ya ulinzi. "Sikulaumu. Nakwambia chukua."

Hakuwahi kumlaumu, tangu siku ya kwanza. Fundi angependelea alaumiwe, agombezwe, ajue pa kujibia. Upole wa mumewe ulimwelemea kuliko maneno ya mtaa mzima.

"Nikishona, kesho kutwa mama mwingine atamfunga wake kamba kidevuni kama mimi."

"Mama mwingine ana mumewe wa kumfikiria. Mimi nafikiria huyu aliye nyuma ya pazia. Mkono mtupu haulambwi, mama, na hospitali ndio kabisa. Ukikataa, picha hatuna. Na mimi geti sina. Halafu tutakuwa tumemsaidia nani?"

Fundi aliinyoosha shuka kuizunguka ile bahasha.

"Na nitazishonea wapi?" alisema baadaye. "Hapa, juu ya kichwa chake?"

Baba Komeo aliitazama cherehani, akalitazama pazia.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Fundi alikaa mstari wa nyuma na mfuko mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na kofia na bahasha. Mpaka anaingia mlangoni alikuwa hajajua ataitumia ipi. Asubuhi ile Komeo alikuwa amejaribu kujifunga nywele mwenyewe, akasahau katikati, akabaki ameshika kitana hewani. Fundi alitoka nyumbani akiwa na nia ya kuikubali bahasha, na njiani nia ikayumba.

Nesi alisoma kanuni yake. Maneno yalikuwa yaleyale.

"Mpira ni mgongano," alisema mwenye mbao. "Sisi tulicheza peku, juu ya mawe, hatuna kofia wala nesi. Tumekufa?"

"Waliokufa hawaji kwenye vikao," alisema Nesi.

Wachache wakaguna. Kochi alisimama, akasema kwamba yeye hapingi, ila watoto watadanganya: anayetaka kupumzika atasema amegongwa, na aliyegongwa atasema hajagongwa. Mama mmoja akauliza ni nani atakayepima, ikiwa shule haina hata plasta. Mwingine akasema tatizo ni nguzo za goli, zingefungwa magunia. Majadiliano yakaenda hivyo, kila mtu na jambo lake, mpaka Mwalimu Mkuu akainua mkono kwa upole.

"Tuna mzazi hapa ambaye jambo hili limemfika nyumbani. Nadhani tumsikilize yeye. Mama Komeo, karibu mbele."

Fundi alitembea hadi mbele. Aliitoa kofia akaishika. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama kwa huruma, na huruma ile ingemwendea vizuri kama angesema tu alichoombwa. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, kazini, mikono nyuma.

"Hii ndiyo ile kofia," alisema. "Mliipigia makofi. Haijachanika popote, mtu yeyote aje aitazame."

Mwalimu Mkuu akatikisa kichwa kuafiki.

"Mtoto wangu alipoanguka, Kochi aliniuliza mimi, unaonaje. Nikampapasa kichwa kama ninavyopapasa kitambaa, natafuta palipochanika. Sikuona. Sisi mafundi tunajua kitu kimeharibika kikichanika. Basi nikamfunga kamba, nikamrudisha. Kochi hakumrudisha. Nilimrudisha mimi."

Kochi aliinamisha kichwa.

"Nesi alishasema hapa, na mimi nilicheka. Kama kanuni yake ingekuwepo siku ile, Kochi asingeniuliza kitu, na mimi nisingekuwa na la kujibu. Sikutakiwa kuulizwa. Siku ya mechi mama si mama, ni shabiki. Mimi nilitaka tushinde. Nawaomba msituulize. Mtoto akigongwa, mtoeni tu, hata sisi wenyewe tukipiga kelele arudishwe."

Akaiweka bahasha juu ya meza ya Mwalimu Mkuu. "Hizi sitazishona, Mwalimu."

Nesi alikuwa analia. Mlangoni Baba Komeo alitazama chini, kwenye viatu vyake, kwa muda mrefu.

"Pole sana, Mama," alisema Mwalimu Mkuu, na sauti yake ilikuwa nzuri kama siku zote. "Uchungu wa mzazi tunauelewa."

"Tunauelewa kabisa," alisema mwenye mbao. "Kwa hiyo kofia tunanunua, au hatununui?"

Mikono ikanyooshwa. Kofia zilipita. Kanuni ya Nesi ilipewa kamati iitazame, na kamati itakutana itakapopata nafasi.

Nje, Kochi alimfuata Fundi hadi getini. "Mama, mimi nitawatoa. Hata bila kanuni. Nakuahidi."

"Na siku ya fainali, mwanangu?"

Kochi aliinama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Alikuwa kijana mwema, na hakupenda uongo.

*

Kibarua cha Baba Komeo hakikuota nyasi siku ileile. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa pupa. Kwanza mlinzi alihamishwa kutoka geti kubwa akapelekwa la nyuma, la magari ya taka. Kisha akaambiwa kwamba geti la nyuma halihitaji mlinzi kila siku. Nesi alihangaika akamwombea Komeo nafasi ya picha katika hospitali ya umma, jina likaandikwa, wakaambiwa wangoje kuitwa. Waliendelea kungoja. Wazazi wawili waliwatoa binti zao katika timu, na mtaani ikasemwa kwamba ni waoga.

Fundi aliendelea kupinda sketi kwa mkono. Walioleta kazi walikuwa wachache, na wengine walileta kwa huruma, nguo ambazo hazikuwa hata na shida.

Jioni moja jua likiwa bado halijazama, Fundi Suruali alipiga hodi. Alikuwa amebeba cherehani yake mgongoni, na chini ya kwapa sponji ya godoro iliyoviringishwa.

"Dada, nisamehe," alisema. "Duka wanafunga mapema, na hizi kofia za shule zinatakiwa Jumatatu. Sina pa kushonea ila ndani kwangu. Nitajitahidi nikanyage taratibu."

Fundi aliitazama ile sponji. "Wamekupa wewe."

"Nilitaka kukataa. Wallahi nilitaka. Lakini nikikataa mimi, yupo mwingine, na nina kodi ya miezi."

"Najua, kaka. Sina neno na wewe."

Hakuondoka. Alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, cherehani ikamlemea, na alipouliza hakumtazama usoni.

"Wewe sponji ulikuwa unaweka tabaka ngapi?"

Fundi aliigusa ile sponji, akaibonyeza. Angeweza kumfukuza, na mtu asingemlaumu. Lakini alizifikiria zile kofia, na vichwa vitakavyoingia humo wapende wasipende, na akaona kwamba kama lazima zishonwe, basi zisishonwe ovyo.

"Tatu," alisema. "Mistari iwe karibu, isije ikahama. Na haisaidii."

"Ahsante, dada."

Aliingia kwake. Fundi alisikia kiti kikivutwa nyuma ya ukuta, kisha meza. Alirudi ndani akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha binti yake na kumwekea mikono masikioni, kabla ya chochote kuanza.

Mashine iliguna mara moja, ikasita, ikashika kasi. Fundi Suruali alikuwa anakanyaga taratibu kweli, kama alivyoahidi. Komeo alifumba macho akajikunja.

"Mama," alisema. "Acha kushona. Kichwa."

Mbele yao, chini ya shuka, cherehani ya Fundi ilikuwa kimya.

"Nimeacha, mwanangu," alisema, na akazidi kumbana masikio. "Nimeshaacha."